Ufunguo wa Lango la Nyuma

Muuza nyama yule walimwita Mama Shoka, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ukishikashika paja la mbuzi bila kununua, shoka lilitua kwenye gogo, karibu kabisa na vidole vyako, nawe ukakoma. Mdomo wake nao haukuwa na breki.

Soko lilipoungua, mchana kweupe, mdogo wake, fundi cherehani, alikimbilia lango la nyuma. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo upande wa nje, ili kila mtu apite mbele kwenye ushuru. Walimkuta hapo, wenzake wamemlalia, kucha zimekwisha. Mama Shoka aliubeba mwili mwenyewe. Wiki ile ile wakubwa wa soko walipaka lango rangi, wakarudisha mnyororo.

Ndipo akagombea udiwani. Hakuwa na fulana za kugawa wala gari la kuzungukia. Alikuwa na swali moja: "Ufunguo uko kwa nani?" Ukimuuliza habari za barabara, anakuuliza ufunguo uko kwa nani.

Mpinzani wake, waliyekwisha kumwita Mheshimiwa hata kabla ya kura, alimwona kichekesho. Akaamuru swali lile liigizwe kwenye vipaza sauti vya gari lake, kwa sauti ya kubana pua: "Ufunguo uko kwa naaani?" Likazungushwa mitaa yote, watu mbavu hawana. Mjinga yule! Alikuwa anampigia mwenzake kampeni kwa mafuta yake mwenyewe.

Lakini Mama Shoka hakunyamaza, na kicheko kikamwishia Mheshimiwa. Akawatuma vijana wake buchani. Aliyewaongoza aliitwa Kifua, mpakua mizigo, ambaye mama yake aliuza mitumba mle mle sokoni.

"Funga domo lako, dada."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Nondo ikampata usoni. Alipoanguka walimwongeza mateke, damu yake ikachanganyika na ya mbuzi sakafuni. Hospitali walimfunga taya kwa waya.

Kura zilipohesabiwa, alikuwa ameshindwa vibaya, aibu tupu. Hata shemeji yake hakumpa kura. Alilia kwa hasira, na tusi halikuweza kutoka.

Mheshimiwa alifanya mkutano wa shukrani sokoni. Mama Shoka alikuwa buchani kwake, nyuma ya soko, anakata mbavu, na vipaza sauti vilimletea kila neno.

"Ndugu zangu, kuna swali?"

Sauti ya bibi mmoja ikasikika. "Ufunguo uko kwa nani, baba?"

Watu wakacheka kwa mazoea. Mheshimiwa naye akacheka. Kisha wao wakaacha, akabaki anacheka peke yake.

"Jibu!" mtu akapiga kelele. Mwingine akadakia, halafu umati mzima. Mheshimiwa akasema suala hilo litaangaliwa. Jiwe likagonga kipaza sauti, viti vikaanza kuvunjwa, watu wakalia kwa maumivu.

Punde Kifua akaingia buchani, mdomo unavuja damu.

"Mama yangu kanizaba kofi mbele za watu," alisema. "Ananiuliza akiungua yeye atatokea wapi. Dada, naomba shoka."

Mama Shoka alilinyanyua. Tuseme ukweli, alitaka kulipasua fuvu lile, na mikono ilikuwa tayari. Kifua akauweka mkono wake wa kulia juu ya gogo.

"Kata, kama ndiyo haki yako. Ila tuvunje lango kwanza."

Shoka likatua karibu na vidole vyake. Kifua akajikojolea. Mama Shoka akaling'oa, akampita bila kumtazama.

Nje ya lango la nyuma alilipiga kufuli la mnyororo kwa kisogo cha shoka, kila pigo likimtonesha taya, mpaka likapasuka. Yeye na Kifua wakalivuta lango.

Nje lilikuwa na rangi mpya. Ndani hakuna aliyejisumbua kupaka. Mbao zilikuwa nyeusi, na chini yake zimechimbwa mistari ya kucha. Mama Shoka akapiga magoti, akaingiza vidole vyake kwenye mistari ile, vikaenea sawasawa.