Alama ya Mkaa Aliyoifuta Fundi Othman

Ukuta ulianguka saa nne asubuhi. Hapakuwa na upepo wala tetemeko. Mvua ilikuwa imekatika siku tatu kabla.

Ulikuwa ukuta wa duka, Nyaishozi, Karagwe, mwaka 1908. Ulikuwa na umri wa miezi saba.

Kivulini mwake alikuwa amekaa Kokuteta, binti aliyeuza buni za kutafuna. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Aliyeujenga ni Othman, baba wa bibi yangu.

Wakuu, ukoo wetu umeishi kwa kuchonga mawe na kujenga tangu wakati ule. Tukiulizwa historia ya kazi yetu huwa tunaanzia jengo la pili. Leo naanza na la kwanza. Nimesimuliwa na bibi mwenyewe, Mwaja, na bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Othman alitoka Pangani, akaingia Karagwe na msafara wa wafanyabiashara. Kwao alijenga kwa matumbawe. Jiwe la matumbawe halina juu wala chini. Unaligeuza upendavyo, chokaa inalishika.

Huku hapakuwa na matumbawe. Akamtafuta mchimba mawe, Mnyambo mmoja aitwaye Bitegeko.

Bitegeko alikuwa na desturi yake. Kabla hajaling'oa jiwe mwambani, alilichora msalaba wa mkaa upande wa juu.

"Uchafu gani huu?" Othman aliuliza.

"Hapo ndipo juu yake, fundi. Lilaze kama lilivyolala ardhini."

Othman akacheka. "Jiwe lina mgongo na tumbo? Ni mbuzi?"

"Mbuzi ukimlaza vibaya atalia. Hili halitalia."

"Bwana wee, haya mambo yenu ya mizimu yaache hukohuko. Mwenye duka hili ni Mwislamu."

Akachukua kitambaa na maji, akazifuta alama zote. Kisha akayasimamisha mawe kwa wima, maana hivyo upande wake laini ulitazama nje na kazi ilikwenda haraka. Seif, mwenye duka, alipita akaupapasa ukuta kama anayepapasa kanzu mpya.

"Maashallah, fundi. Huu ni uso wa bibi harusi."

Asubuhi ile ya kuanguka, Othman alifika kabla maiti haijaondolewa. Akaokota jiwe moja. Lilikuwa limemenyeka kama kitunguu, ganda kwa ganda. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya kati ya matabaka kutoka juu, yakayatenganisha.

Alielewa palepale. Bibi alikuwa akilisisitiza hili: hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akaitisha baraza.

"Fundi, ukuta umeangukaje?"

Bitegeko alikuwa amekaa hatua nne tu kutoka kwake.

"Mawe yalikuwa mabovu," Othman alisema. "Mimi sikuyachagua. Yeye ndiye aliyeyachimba."

"Bitegeko, unasemaje?"

"Mawe yalikuwa mazima. Yeye aliyasimamisha."

Watu wakaguna. Nani atamsikiliza mchimba mawe mbele ya fundi wa pwani, mwenye timazi ya kupimia ukuta na kanzu nyeupe?

Bitegeko akanyang'anywa kibanja chake, migomba na mibuni aliyoachiwa na baba yake. Akahamia Kibingo na mke na watoto watatu.

Othman hakusimamisha jiwe tena. Alipata mchimbaji mwingine, na kila jiwe alilichora mkaa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalilaza. Kuta zake zikadumu. Sifa zikafika Kaisho. Kazi ikaongezeka hata akaajiri watu sita.

Siku moja mkewe, Zuena, alimtazama akichora.

"Baba Mwaja, mkaa huo si ndio uliouita mambo ya mizimu?"

Othman akavuta jiwe jingine.

"Mimi nakuuliza tu. Maana mtu amefukuzwa kwao, na elimu yake imebaki hapa inatulisha."

"Zuena, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka mitano."

Kesho yake Othman alikwenda Kibingo kwa miguu. Alimkuta Bitegeko akipalilia maharage. Hakuzunguka.

"Nilisema uongo. Mawe yako yalikuwa mazima."

Bitegeko aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. "Hilo nalijua tangu siku ile. Umekuja kuniambia mimi ninayelijua?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Fundi, hebu nikuulize. Mawe yale niliyachimba wapi?"

Othman hakujua. Hakuwahi kuuliza. Kwake mawe yalifika tu, vichwani mwa wabebaji.

"Yalitoka kwenye kibanja cha mama yake Kokuteta. Mwamba ulikuwa nyuma ya nyumba yake. Alinipa bure, akafurahi kwamba mawe yake yatajenga duka. Wewe ukasimama barazani ukasema mabovu. Sasa rudi, ukaone."

Akarudi Nyaishozi. Alimkuta mama yule nyuma ya nyumba, na kikapu cha udongo. Mwamba haukuonekana. Alikuwa ameufukia wote, kikapu kwa kikapu, miaka mitano.

Othman alikuwa ameshajua Kinyambo cha kutosha. Alimwambia yote, kuanzia kitambaa na maji.

Mama yule akaweka kikapu chini.

"Kwa hiyo mawe yangu yalikuwa mazima?"

"Mazima, mama."

"Si mimi niliyetoa jiwe lililomuua mwanangu?"

"Si wewe. Ni mimi."

"Apa."

Akaapa. Mama yule alikaa juu ya udongo wake, akalia kama msiba ulikuwa wa jana. Othman alitaka kusema neno la msamaha. Mama akamkata kauli.

"Usiniombe kitu. Nenda kwa mkungu, waite walewale waliokusikia, useme hivyohivyo."

Akaenda, akasema. Kibanja cha Bitegeko hakikurudi. Kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Seif alisimama katikati ya baraza akaondoka bila kuaga. Mwaka mzima Othman hakupata kazi Nyaishozi, na hakulalamika.

Bibi aliniambia baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kusema kwamba moyo ulitua.

Nami sina cha kumtetea. Kosa la ukuta lilikuwa la kutojua, na kutojua kunasahihishwa. Kosa la barazani alilitenda akijua. Alidhani anamtupia mtu mmoja tu mzigo wake. Hakukagua ulikokwenda kuangukia, na ulikuwa umeangukia kwa mama aliyefiwa.

Ukisingizia, huchagui nani atakayeumia. Kama kuna uliyemsingizia, nenda ukaseme leo. Huenda kuna mtu usiyemjua anafukia mwamba.