Kifuniko Kilicholia

Asubuhi ya mwisho waliyoamka wote wawili wazima, mzee alimkuta mkewe jikoni kama kawaida, kajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, paka kamfungia nje, anabonyeza vifuniko vya chupa za jamu kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kifuniko kikitulia, kimeshika. Kikilia "tk", hewa imeingia, na chupa hiyo haiuzwi. Sheria za kuuza chakula kilichopikwa nyumbani alizijua zote kwa moyo. Mzee, ambaye hakusoma, alijua moja tu: usiguse mwiko wa mama, kama alivyomwita mkewe.

Saa nne akaja mkaguzi. Akachungulia sinki, akasoma lebo, akatoa kalamu asaini kibali walichokisubiri miezi saba.

"Ngoja kwanza," mama akasema. Akavuta chupa ya nyuma kabisa, akaibonyeza. Tk.

Mkaguzi akacheka. "Mimi hata sikuiona hiyo, mama."

"Mwache asaini, mke wangu!" mzee akanong'ona, jasho likimtoka. "Unataka tusubiri tena mpaka tuote mvi za pili?"

Mama akafungua ile chupa akaimwaga yote kwenye pipa la taka, polepole, kisha akanawa mpaka viwikoni. Kibali alikipata palepale. Lakini mzee akiwasimulia watu wanaokuja kumpa pole ya msiba, kibali hakitaji; hunyoosha mgongo akawaambia neno ambalo mkewe alimwambia mkaguzi yule siku hiyo:

"Wewe utaondoka, mwanangu. Atakayeila jamu hii hana mkaguzi mwingine ila mimi."