Simu Ishirini na Tatu Zilizogonga Ukuta

Mama yangu alikuwa ameanguka jikoni kwake, nusu ya mwili haisikii, na mimi binti yake, fundi wa mitambo ya simu, nilishindwa kupiga simu.

Si kwamba simu yangu ilikuwa mbovu. Chaji tele. Mtandao umejaa pomoni. Nilikuwa nimesimama chini ya mnara wetu wenyewe, mnara niliotoka kuutengeneza kwa mikono yangu.

Nilipiga namba ya gari la wagonjwa mara ishirini na tatu.

Mara ishirini na tatu yule dada wa kwenye mashine akaniambia kwa sauti yake ya asali, "Samahani, namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Uongo mtupu. Ilikuwa inapatikana. Na nilijua nani amefanya isipatikane.

Au niseme, nilidhani najua.

Wakati ule nilikuwa fundi mkuu wa kampuni ndogo ya simu. Ndogo kweli, msicheke. Watu kumi na mmoja, ofisi juu ya duka la mshonaji. Vyerehani vikianza kugonga chini, meza zetu juu zinatetemeka.

Mwenye kampuni alikuwa mjomba wangu. Mdogo wake mama, tumbo moja, ziwa moja. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, mjomba ndiye akanilea kama wake. Ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi kabla sijajua kushika kalamu vizuri.

Wateja wetu walikuwa kama elfu tisa, wengi watu wa pembezoni, kule ambako kampuni kubwa iliona haina haja ya kusimamisha mnara.

Hiyo kampuni kubwa sisi tuliiita Jitu.

Na Jitu lilikuwa jitu kweli. Hospitali, polisi, shule, mabosi, wachumba, wote walikuwa kwenye laini za Jitu. Ukiwa na laini yetu na huwezi kumpigia mtu wa Jitu, basi huna simu. Una tochi yenye vitufe.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo roho ya kisa ilipo.

Simu ikitoka kwetu kwenda kwa Jitu, lazima ipite kwenye njia zinazounganisha mitambo yetu na yao. Njia moja, simu moja kwa wakati. Sheria ilisema wazi: njia zikijaa, mdogo akiomba, mkubwa anaongeza. Hakuna kubaniana.

Sisi tulikuwa na njia thelathini.

Thelathini! Kwa watu elfu tisa! Ni sawa na uwanja mzima wa mpira kutokea kwenye mlango wa choo.

Mtu wa thelathini na moja akipiga, anaambiwa namba haipatikani. Yeye hajui habari ya njia. Anachojua ni kututukana. "Mtandao wenu kimeo! Laini gani hii ya kuongea na mnara tu!"

Kila mwezi niliandika barua ya kuomba njia ziongezwe, nikampa mjomba aisaini na kuituma. Na kila wiki nilimpigia mkuu wa maunganisho wa Jitu, bwana mmoja mpole, sauti kama mtu aliyeamshwa sasa hivi.

"Fundi, ombi lenu linafanyiwa kazi. Tunasubiri vifaa. Hebu nitafute kesho."

Ofisini tukambatiza jina: Bwana Kesho.

Miaka miwili ya kesho.

Nikienda kulalamika kwa mjomba, ananishika bega. "Mpwa wangu, tembo hapigwi kofi. Vumilia. Mambo yatakaa sawa."

Nikavumilia. Mpaka ile asubuhi.

Saa nne hivi, nimeshuka tu mnarani, mama akapiga. Yeye alikuwa na laini yetu, tena kwa majivuno. "Siwezi kutumia laini ya watu na mwanangu ana mnara," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wenzake.

"Mwanangu," akasema. Maneno yalikuwa mazito, kama ana chakula mdomoni. "Mkono... mkono haunitii..."

Nikasikia kishindo. Halafu kimya.

Nilikuwa umbali wa saa tatu kwa gari. Nikakata, nikapiga gari la wagonjwa. Haipatikani. Nesi anayekaa nyumba ya pili kutoka kwa mama. Haipatikani. Gari la wagonjwa tena. Haipatikani. Wote Jitu.

Mtu aliyechanganyikiwa hana akili. Kila nikipiga najiambia hii itapita. Hii itapita.

Karibu dakika arobaini ziliteketea hivyo, ndipo akili ikanirudia. Nikapiga ofisini, laini yetu kwa laini yetu, ikaingia hapo hapo. Dada wa huduma kwa wateja akashuka ngazi mbio mpaka kwa mshonaji, akampokonya simu yake ya Jitu, akaita gari la wagonjwa.

Lilifika kwa mama ndani ya robo saa.

Robo saa!

Nilipofika hospitali, daktari alinitazama usoni, akanivuta kando ya korido. "Ni kiharusi. Ataishi. Ila mngemfikisha mapema kidogo, tungeokoa mengi."

Mengi yenyewe ni haya. Mkono wa kulia ulikufa. Mguu wa kulia ulikufa. Na maneno yaliondoka.

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nusu ya mji ule ilijifunza "a, e, i, o, u" kwenye mdomo wake. Sasa akitaka maji, ananionyesha kidole. Akitaka kulia, analia bila sauti.

Siwezi kuwadanganya kwamba nilisamehe. Mungu anisamehe mimi, maana nilimwambia hili aniachie.

Nilitaka Jitu liumie. Nilitaka Bwana Kesho aikose kesho yake.

Nikaanza kazi.

Kwa siku arobaini na mbili, kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nilipiga namba kumi za Jitu kutoka laini yetu. Ikipita, naandika. Ikigoma, naandika. Saa ngapi, namba ipi, mtambo umejibu nini. Daftari la kwanza likajaa. La pili likajaa.

Halafu nikapeleka malalamiko kwenye mamlaka inayosimamia mambo ya simu. Sikupeleka kwa jina la kampuni. Nilipeleka kwa jina langu, kama mteja, kama mtoto wa mgonjwa.

Mjomba aliposikia, alibadilika rangi.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimefanya ambacho ulipaswa kufanya miaka miwili iliyopita, mjomba."

"Mpwa wangu, unachokoza nyuki na huna pa kukimbilia."

"Dada yako hasemi, mjomba. Kuna pa kukimbilia tena?"

Akanipa mgongo. Nilidhani ni uchungu.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Chumba kidogo, dirisha halifunguki, feni inazunguka kama imelazimishwa. Mbele wamekaa watu watatu wa mamlaka, mwenyekiti wao mama mmoja wa makamo, miwani ipo kwenye ncha ya pua. Kulia Bwana Kesho na mwanasheria wa Jitu. Kushoto mimi, na mjomba pembeni yangu, maana aliitwa kama mkuu wa kampuni.

Mwanasheria akasimama, akaweka tai sawa. "Waheshimiwa, njia ziko wazi. Kama simu zao zinagoma, wakague mitambo yao. Mbaya wa kucheza huisingizia ardhi."

Watu wakacheka kidogo.

Nikasimama. Nikampa mwenyekiti simu yenye laini yetu. "Mheshimiwa, naomba mpigie huyu bwana hapa. Sasa hivi."

Mama wa watu akapiga.

Simu ya Bwana Kesho ikalia hapo hapo, tena kwa nguvu. Ikapita bila hata kukwaruza.

Chumba kikaangua kicheko. Bwana Kesho akainua simu yake juu kama kombe. "Haloo, mheshimiwa, nakupata vizuri sana!"

Nikawaacha wacheke. Nikawaacha washibe.

Halafu nikasema, "Asante. Jana saa tano asubuhi, namba hiyo hiyo niliipiga mara kumi na tisa. Iligoma mara kumi na saba. Leo saa mbili asubuhi, mtambo wetu umeonyesha njia zimetoka thelathini hadi mia mbili na arobaini. Taarifa ya mtambo hii hapa, na saa yake."

Nikamgeukia Bwana Kesho.

"Miaka miwili ulikuwa unasubiri vifaa. Hebu tuambie, leo vimekuja na basi la saa ngapi?"



Akaishusha simu yake, akailaza mezani kifudifudi.

Nilijua wangefanya hivyo. Mwizi akisikia polisi wanakuja, hufagia nyumba. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mtambo wetu tangu saa kumi na mbili alfajiri, nikimsubiri afagie.

Mwenyekiti akavua miwani. "Bwana, jibu."

Jasho lilimtiririka Bwana Kesho mpaka kola ikabadilika rangi. Jamani, utamu nilioupata pale! Nilimtazama nikasema moyoni, lowa. Lowa zaidi.

Mwanasheria akaona meli inazama, akafungua mkoba kwa hasira.

"Waheshimiwa, hatutakubali kubeba mzigo huu peke yetu. Wao wenyewe walitaka njia zisiongezwe. Tuna barua."

Nikacheka kwa sauti. "Barua gani? Barua zote nimeandika mimi!"

Mwenyekiti akaisoma kimya. Akanitazama mimi. Akamtazama mjomba. Akanipa.

Karatasi ya kampuni yetu. Muhuri wetu. Inasema kampuni yetu haihitaji njia zaidi ya thelathini, na kwamba barua yoyote itakayoletwa kuomba nyongeza isishughulikiwe. Imeambatana na makubaliano: wateja wakishapungua, Jitu litaichukua kampuni yetu, na mkuu wake atapewa kiti cha mkurugenzi kwa Jitu.

Chini kuna saini. Ile saini ya mkia mrefu niliyoiona kwenye ripoti zangu zote za shule, mahali palipoandikwa "mzazi au mlezi".

Mjomba.

Barua zangu ishirini na kitu. Zote alikuwa anazisaini mbele yangu, halafu zinakwenda kulala.

Nikahisi mkono wake chini ya meza, umenishika kifundo cha mkono. Ananong'ona. "Ondoa malalamiko, mpwa wangu. Ukiendelea tunazama sote. Nilidhani ni kero tu, simu kukatika. Sikujua itamfika dada. Naapa sikujua."

Mwenyekiti akauliza, "Binti, barua hii inagusa kampuni yenu pia. Unataka kuendelea?"

Watu wawili walipigana ndani yangu. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka sita anayefundishwa kushika bisibisi. Wa pili alikuwa amesimama chini ya mnara, anapiga mara ya ishirini na tatu.

Nikautoa ule mkono.

"Naendelea, mheshimiwa. Na naomba barua isomwe kwa sauti, kila mtu aisikie."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Haki ya mteja kumpigia amtakaye haiuzwi na wakubwa wawili mezani, ndivyo walivyoandika. Njia zibaki wazi, na ziongezwe kila zinapokaribia kujaa. Jitu likapigwa faini, sisi pia tukapigwa. Bwana Kesho alifukuzwa kazi wiki ile ile. Mjomba akapigwa marufuku kuongoza kampuni ya simu. Kiti chake ninakikalia mimi sasa, vyerehani vikigonga chini.

Lakini mimi nilikuwa bado sijashiba.

Nilimwambia mjomba kuna jambo moja limebaki. Nikampeleka kwa mama. Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito, akamwona mdogo wake, uso ukachanua upande mmoja. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Nikampa mjomba nakala ya barua.

"Soma."

"Mpwa wangu, usinifanyie hivi."

"Soma, mjomba. Yeye ndiye aliyekufundisha kusoma."

Akasoma. Alifika katikati akaishusha karatasi, nikamsubiri. Akaendelea mpaka kwenye saini. Mama hakukunja uso, hakulia. Aliurudisha ule mkono taratibu, akaingiza chini ya shuka, akageukia ukutani.

Mjomba alipiga magoti pale mpaka mchana. Mama hakugeuka.

Mniite katili. Nilifurahi. Ilichukua miezi ndipo furaha ile ikaanza kunichachia, maana nilimlipizia mama kisasi, halafu ni yeye niliyemwondolea ndugu pekee aliyebaki naye. Mimi sikumuuliza kama anataka kujua.

Siku hizi mjomba ana laini ya Jitu. Kila Jumapili anampigia mama. Simu inapita mara ya kwanza, safi kabisa, haina hata mkwaruzo, njia tele.

Mama anaitazama ikilia mpaka inakata yenyewe.

Ninachowaachia ni hiki. Mkubwa akikubania, pigana naye, usiogope ukubwa wake. Lakini kabla hujainua panga, uliza kwanza nani wa kwenu aliyemfungulia mlango. Na ukishamjua, jiulize mara mbili utamwambia nani, kwa sababu simu zinazogoma mafundi tunazitengeneza, ila ile ambayo mtu ameamua kutoipokea, hiyo sijui fundi wake.