Nilisema ni kikohozi cha salfa, nikamzika mwanangu

Wakuu, habari za humu. Miaka yote mimi ni msomaji wa kimya, leo imebidi niandike. Siongezi chumvi, na tafadhali msiniombe picha.

Nipo Chiwata, Masasi. Mkulima wa korosho.

Huku msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ukifika, kijiji kizima kinakohoa. Unatoka alfajiri majani yakiwa na umande, mashine mgongoni, unga wa njano unaruka mpaka jikoni kwa watu. Macho yanawasha, koo linawasha. Ukirudi unakunywa maziwa ya kukata salfa, maisha yanaendelea. Ukienda hospitali kwa kikohozi msimu huo, utachekwa mpaka uhame.

Sasa binti yangu Zuhura, mwaka mmoja na miezi miwili, akaanza kukohoa.

Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, tumpeleke hospitali ya Ndanda huyu."

Nikamjibu, "Nani hakohoi humu ndani? Salfa hiyo."

Nikampigia mama mkwe, yuko Newala. Baada ya shikamoo na marahaba akasema mpeni maziwa, salfa itatoka. Nikajiona nimeshinda kesi.

Kesho yake homa ikapanda. Mama Zuhura akatoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani mbele yangu. Nilielewa anachotaka. Nikaweka kikombe cha chai juu yake, nikanywa, nikaondoka.

Siku ya tatu asubuhi akaniita. "Njoo umwone anavyohema." Akamfunua gauni. Kila akivuta pumzi, pale chini ya mbavu panabonyea ndani.

Wakuu, niliona. Kwa macho yangu haya. Nikasema, "Amekonda tu, hali chakula vizuri," nikabeba mashine kwenda kumalizia mikorosho iliyobaki.

Narudi saa nne, nyumba tupu. Jirani akaniambia mwenzio kapanda bodaboda na mtoto, kaelekea Ndanda.

Nikamfuata. Nikamkuta Zuhura kawekewa oksijeni, na nesi mmoja mtu mzima yuko naye. Mjinga mimi, neno la kwanza baada ya shikamoo: "Ni salfa tu hiyo, mama."

"Marahaba. Wewe baba ukishapuliza, mbavu zako zinaingia ndani hivi?"

"Hapana."

"Homa unapata?"

"Hapana."

Akanieleza taratibu. Salfa inawasha koo na macho. Mtoto mwenye homa, anayehema mbiombio na kifua kinabonyea, hiyo ni nimonia. Dawa ipo, ila inataka awahi. Akamuuliza mke wangu kifua kimeanza lini kubonyea. Mke wangu akasema asubuhi. Hakusema kwamba alinionyesha.

Nesi hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Saa nane mchana mwanangu akafariki, mama yake kamshika mguu.

Tulipoanua matanga, nikaikuta ile kadi kwenye kanga za mke wangu. Ina duara la chai yangu. Nikaigeuza. Nyuma imeandikwa kabisa, kwa Kiswahili: mtoto akihema haraka au kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mimi kidato cha nne nimemaliza. Kadi imekaa nyumbani tangu azaliwe, sikuwahi kuisoma. Huku kwetu kliniki anaenda mama, anayekaa kwenye benchi na kufundishwa ni mama. Halafu siku ya kuamua, anaamua baba ambaye hajui kitu. Hapo ndipo tunapowaua watoto, na siwasemi wengine, najisema mimi.

Msimu huu tena watu wanapuliza. Jirani yangu mtoto wake anakohoa, nikaenda kumwambia amwangalie kifua. Akacheka. "Salfa hiyo, Baba Zuhura." Nikamwomba nimfunue mwenyewe. Kifua kilikuwa kizuri, homa hana. Nikaenda nyuma ya nyumba yake nikalia.

Mke wangu mpaka leo hajanilaumu. Kadi kaitunza, duara hajalifuta.

Ninachoomba, akina baba wenzangu: isomeni ile kadi, na mama mtoto akisema twende, twendeni, mengine mtaulizia hukohuko kwa wanaojua. Nitukaneni, nishaurini, yote nitasoma. Lakini kama una mtoto anakohoa hapo ulipo, weka simu chini kwanza ukamfunue shati. Komenti utaandika ukirudi.