Nilivyomfariji Mfiwa wa Filamu

Afadhali nijicheke mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi. Wakati ule wa korona nilikuwa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu Bibi Miriamu, mzee ninayemtunza hapa Sydney, katika matembezi ya kuonyeshwa mitaa ya Wayahudi waliokimbia vita, ambako siku hizi hupigwa filamu. Tukabaki nyuma ya kundi. Mlangoni pa nyumba moja mama mwenye mavazi meusi alikuwa analia peke yake. Sisi Warundi hatupiti msiba kimyakimya. Nikapiga magoti, nikamkumbatia, nikalia kumzidi, nikaanzisha na pambio.

"Binti, rudi," Bibi akaniita.

"Subiri, Bibi, huyu kafiwa."

Mwanaume mmoja akainuka nyuma ya kamera. "Dada, wakati wa Vita Kuu ya Pili hiyo barakoa uliipata wapi?"