Injini Ambayo Haijafunguliwa

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti nilianza siku kwa kunusa kutu. Maji yaliyolala ndani ya rejeta yana harufu yake, kama misumari iliyolowekwa kwenye bakuli, na mimi ndiye niliyefungua kifuniko kwa kitambaa, nikachungulia, nikajaza kwa mtungi wa lita tano mpaka maji yafike shingoni. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Kalama, na pikapu ya baba ndiyo iliyotulisha: alibeba nyanya na ndengu za watu kwenda soko la Machakos, akirudi alibeba saruji na mbolea. Kazi ya maji ilikuwa yangu kwa sababu baba hakutaka mtu mwingine asogelee boneti yake. Mwishowe hata mimi hakuniamini, na hasira ya hilo haijanitoka mpaka leo.

Mtu akisifu ile pikapu, baba hakuzungumzia rangi wala matairi. Alisema tu, "Haijafunguliwa." Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Hata sasa mtu akikuuzia gari Machakos, hilo ndilo neno lake la kwanza: injini haijafunguliwa. Iliyofunguliwa imeshaingiwa na mikono ya watu, na nani anajua walitoa nini wakarudisha nini. Baba aliamini kila fundi hubadilisha vitu, anang'oa chako kizima na kukuwekea kibovu cha mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupeleka gari gereji alichukua rangi ya kucha ya shangazi, nyekundu kabisa, akatia nukta kwenye betri, kwenye kabureta, kwenye alteneta, taratibu kama mtu anayechanja mtoto. Kisha akanikalisha juu ya tairi kuukuu pale gereji na kuniambia nisiangalie kitu kingine chochote ila mikono ya fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Salim. Alikuwa wa zile familia za Waislamu wa mjini, babu yake alitoka Pwani akafungua duka Machakos na hakurudi tena. Kosa lake kubwa machoni pa baba lilikuwa Kiswahili chake. Sisi tulisema gari iko na shida. Yeye alisema gari lina udhaifu kidogo, mzee wangu. Baba alikuwa na hakika kwamba mtu hawezi kuongea vizuri hivyo kama hakuna kitu anachokuuzia. Siku moja, mwanzoni mwa likizo ile, Salim aliwasha injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, akatuita tuone mapovu madogo yanavyopanda kama uji unaoanza kuchemka. Akasema hiyo ni gasketi ya hedi, ule ubamba mwembamba unaokaa katikati ya injini na kutenganisha moto, maji na oili. Imechoka. Afadhali ibadilishwe mapema.

"Imeungua?" baba akauliza.

"Bado, mzee wangu."

"Kama ni bado, unafungua nini?"

"Nafungua kwa sababu ni bado. Ikishaungua, hedi itapinda na hutakuwa na injini ya kufungua."

"Sikia huyo," baba akaniambia mimi, si Salim. "Gonjwa haiko, lakini yeye anataka kupasua."

Salim alicheka, akajifuta mikono. "Haya, Baba Mwende. Basi mtoto aangalie maji kila siku. Yakianza kupungua bila kuvuja, unirudie siku hiyo hiyo." Tukaondoka. Njia nzima baba alirudia ile "mzee wangu" kwa sauti ya kubana pua, nami nikacheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa upande wake kabisa. Nilikuwa nimekodolea ile mikono asubuhi nzima na nilikuwa tayari kuapa kwamba ilikuwa ya mwizi.

Wiki mbili baadaye maji yakaanza kupungua. Nilijaza asubuhi mpaka shingoni, na kesho yake nikakuta yameshuka mpaka sioni. Nikamwambia baba. Aliinama chini ya gari akapapasa udongo, ukawa mkavu. Akatandika katoni chini ya injini, asubuhi ikawa kavu vilevile. Sasa fikiria vile mtu wa namna hiyo anavyofikiri. Salim alikuwa amesema yakipungua bila kuvuja turudi, na baba alishaamua kwamba Salim ni mwongo. Kwa hiyo maji hayakuwa yakipungua. Kwa hiyo mimi nilikuwa sijazi. Kisima kilikuwa mbali, mtungi ulikuwa mzito, na mtoto ni mtoto. "Maji haina mabawa," alisema, akanichapa kwa mpira wa fani beliti ya zamani. Nililia, lakini fimbo nilikuwa nimezoea. Kilichoniumiza kilikuja jioni, jikoni, mama alipoacha kuchambua kunde, akanitazama viatu kama vina matope, akaniuliza polepole, "Mwende, huwa unamwaga wapi?" Nilimwambia, "Mwaitu, huwa najaza." Akarudi kwenye kunde zake. Baada ya hapo nilijaza mbele ya baba, na baba alisimama nyuma yangu akihesabu mitungi, na maji yaliendelea kuisha, na bado mimi ndiye niliyekuwa na hila ambayo hawajaigundua.

Injini ilikufa siku ya soko, katikati ya mlima, nyanya zimejaa mpaka kwenye kioo cha nyuma. Moshi mweupe ulitoka nyuma kama tumechoma shamba. Mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa nyekundu, lakini baba aliendelea kukanyaga mafuta kwa sababu kilele kilikuwa karibu. Alipochomoa kijiti cha oili kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili. Tulivutwa kwa kamba hadi gereji. Safari hii Salim hakuomba ruhusa. Alifungua, akaing'oa ile gasketi, akaniita mimi kwanza. Kidole chake kiligusa sehemu nyembamba kati ya tundu la moto na tundu la maji, ilikuwa imeungua nyeusi na kukatika. "Maji yako yalikuwa yanapita hapa," aliniambia, "yanaungua ndani, yanatoka na moshi. Wewe ulikuwa unajaza." Alisema kwa sauti, baba amesimama pale pale. Baba hakuitazama gasketi. Alikuwa ameinama anatafuta nukta zake nyekundu, na zote zilikuwepo, hata moja haikuguswa. Hedi ilikuwa imepinda na bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Akanyooka, akasema, "Twende." Tangu siku hiyo alibeba mizigo kwa gari za watu wengine.

Sasa niko na watoto wawili, naishi Katelembo, nafanya kazi Athi River, na gari langu dogo lina miaka mingi kuliko uvumilivu wangu. Mwaka huu fundi aliniambia gasketi ya hedi imeanza kuchoka. Nilimuuliza kama imeungua, akasema bado, nami nikamtazama vile baba alivyomtazama Salim, nikajichukia. Nilipeleka gari kwa fundi wa pili, asiyemjua wa kwanza, akasema vilevile, nikadhani wamepigiana simu. Nikampigia baba. Akasema, "Usikubali wafungue." Nikawaambia wafungue.

Gasketi ilitoka karibu nzima. Imefifia ukingoni, haijatoboka popote. Labda ingefika Desemba, labda ingenifia kesho yake barabarani na watoto ndani, hakuna anayeweza kuniambia. Baba alipokuja kutusalimia aliigeuza mkononi, akaipandisha kwenye mwanga. "Hii ilikuwa mzima. Umekulwa pesa, mama." Nikamuuliza, sasa mimi yale maji nilikuwa namwaga wapi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, si wa kujifanya.

"Maji gani?" akasema.

Niliichukua gasketi mkononi mwake. Gari lake liliharibika kabisa, na aliyeniamini alikuwa Salim peke yake. Langu linapanda mlima na watoto wangu bila kuchemsha, na nyumbani kwa wazazi hakuna anayeamini kwamba nilifanya sawa. Nimezoea.