Dawa Iliyotokea Viganjani

Mama alipoanza kutundikiwa dripu ya saratani Mwanza, mimi ndiye niliyemweleza jinsi dawa inavyosafiri. Nilijifundisha mwenyewe kwa jarida la afya na kamusi, nikirudia kila sentensi, nisije nikamwambia jambo lisilo sahihi.

"Dawa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno, jicho halivioni," nilimwambia. "Vinazunguka na damu muda mrefu. Mishipa mizima haivipitishi. Ile ya kwenye uvimbe imeota ovyo, inavuja, basi hapo ndipo vinapotokea."

"Siyo kama dawa ya pamba? Ile tukipuliza inaua hadi nyuki," mama aliuliza.

"Siyo, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi ina akili kuliko kaka yako," alisema, na kaka, ambaye ndiye aliyempeleka kliniki, akacheka kutuzidi.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kwetu Bariadi, kila mmoja na mzani wake, na aliyevuna mapema ndiye aliyeuza vizuri. Mama alichuma pamba kutwa, jioni akaosha vyombo kwa maji ya moto. Baada ya dripu ya pili viganja vyake viliwaka, vikawa vyekundu, kisha ngozi ikaanza kubanduka. Nyayo pia. Alinionyesha. Nikarudi kwenye jarida kutafuta nilipokosea. Viganja havikutajwa popote.

Tuliporudi kliniki, nesi aliitazama mikono ile, akamgeukia kaka.

"Si daktari alikueleza? Viganja vikisuguliwa au vikipata joto, mishipa yake midogo nayo inavujisha dawa. Tulisema apumzishe mikono."

Kaka alitazama sakafu. "Ningesema, nani angechuma?"

Alikuwepo nilipokuwa naeleza. Alinisikia nikimhakikishia mama kwamba dawa haitokei pasipo na uvimbe, akaniacha niendelee, maana maneno yangu yalimfaa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri mno. Sijamsamehe, na naandika haya nikijua atayasoma.

Daktari alipoita, tulisimama wote watatu. Mama akatuzuia kwa mkono wake uliobanduka ngozi.

"Nyie kaeni hapa," alisema, akitutazama mmoja baada ya mwingine kwa macho yale yale. "Mikono ni yangu. Nitaelezwa mwenyewe."

Akasukuma mlango kwa kiwiko.